Watoto Wadogo na Reli ya Mbao

Katika shule zetu neno "kucheza" halina sifa njema. Mwanafunzi akiambiwa na mwalimu, "Wewe wacheza tu," ajua mara moja ya kuwa amekemewa. Mzazi naye akisema kwamba mtoto wake hushinda akicheza, aghalabu husema hivyo kwa kulalamika. Kwa sababu hiyo najua kuwa ndugu wasomaji wengine watashangaa kuona katika gazeti letu la muhula habari za mchezo, tena mchezo wa watoto wa miaka minne na mitano, wa kupanga vipande vya reli za mbao na kusukuma treni ndogo juu yake. Nawaomba mnivumilie kidogo. Habari hii niliiona kwa macho yangu, na nadhani yatuhusu sote, wanafunzi, walimu na wazazi.

Kwetu ni Tabora, na mama yangu ni mwalimu wa darasa la awali. Darasani kwake mna watoto 31. Mwaka jana alipewa sanduku moja la reli za mbao za kiwandani, zilizokwisha kutumika, pamoja na vichwa viwili vya treni na mabehewa matano yenye sumaku mbele na nyuma. Vipande vilikuwa vichache, basi fundi seremala jirani yetu akatazama vile vilivyokuwapo, akachonga vingine vya mninga mpaka sanduku likajaa. Kila asubuhi watoto watano watano walipewa nusu saa ya kucheza nazo kwa zamu, wenzao wakifanya kazi nyingine.

Hazikupita siku nyingi wazazi wakaanza kunung'unika. Baba mmoja alikuja mpaka nyumbani, akasema kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mwalimu, mwanangu ana miaka mitano, hajui kuandika jina lake. Nikimwuliza leo mmesoma nini, aniambia tumeendesha treni. Mimi namleta asome." Wengine wakamwunga mkono, wakaomba mkutano, na wakataka sanduku lile lifungiwe stoo. Mama hakukasirika. Alisema kuwa mzazi anayeuliza mtoto wake anajifunza nini ni mzazi mwema, na kwamba swali lake lataka jibu, si maneno matupu. Kwa kuwa nilikuwa likizo, akanipa daftari na kalamu, akaniambia nikae pembeni kila asubuhi kwa muda wa majuma matatu, nisiwafundishe watoto neno lolote, ila niandike wanayoyafanya na wanayoyasema. Haya ninayoyaeleza yametoka katika daftari hilo.

Jambo la kwanza ni duara. Vipande vya kupinda katika sanduku lile vimekatwa kwa kipimo kimoja, na kila kimoja ni sehemu ya nane ya duara. Siku za mwanzo watoto walivipanga ovyo, kimoja kikipinda kulia na cha pili kushoto, na njia ikaenda kama nyoka mpaka ikagonga ukuta. Hawakuona ubaya wowote. Treni ilikwenda, ikafika ukutani, ikarudi. Siku ya nne mtoto mmoja wa kike alivipanga vyote vikielekea upande mmoja. Alipofika kipande cha sita alinyamaza, akaanza kutazama ncha mbili zinavyokaribiana. Akaongeza cha saba. Alipotia cha nane na njia ikajifunga, alipiga kelele hata darasa zima likageuka. Sisi wa sekondari twajua sababu yake: digrii 45 mara 8 ni digrii 360. Yule mtoto hajui digrii ni nini, wala haimpasi kujua sasa. Lakini ajua kwa mikono yake ya kuwa duara lina kiasi chake, na kwamba kiasi hicho hakibadiliki kesho. Kesho yake alihesabu vipande vinane kabla ya kuanza.

Jambo la pili ni usawa wa pande mbili. Mtoto wa kiume alitaka kulirefusha duara lile liwe kama kiwanja cha kukimbilia. Alitia vipande vitatu vilivyonyoka upande mmoja, na upande wa pili akatia viwili. Njia ikakataa kujifunga, likabaki pengo. Akaivuta kwa nguvu, akaipiga kwa ngumi, na kipande kimoja kikavunjika kilimi. Fundi alikitengeneza baadaye. Asubuhi ya pili alirudia kosa lile lile, lakini safari hii hakupiga. Alitazama upande huu, akatazama upande ule, akaweka kidole juu ya kila kipande, kisha akaenda sandukuni akaleta kimoja, si viwili. Pengo likazibika. Nilipoandika hayo nilikumbuka jinsi mwalimu wetu wa hisabati anavyotuambia katika milinganyo kwamba ukiongeza upande mmoja sharti uongeze na wa pili. Wengi wetu tulilikariri neno hilo kabla ya kulielewa. Mtoto huyu amelielewa kabla ya kulisikia.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kila kipande cha reli kilichonyoka au kilichopinda kina ncha mbili: moja ina kitokeo cha mbao, nyingine ina tundu la kukipokea. Watoto wenyewe waliviita "ulimi" na "mdomo". Ulimi huingia mdomoni, na njia ikaungana. Ndimi mbili haziungani, wala midomo miwili haishikani. Sasa, viko vipande vya njia panda, ambapo reli moja hugawanyika kuwa mbili. Fundi alikuwa amechonga viwili, vyote vya namna moja: mdomo mmoja na ndimi mbili. Watoto wakavipenda mno, maana sote wa Tabora twajua njia panda ya reli. Lakini kila walipotia vile viwili na kujaribu kufunga njia zote, ncha mbili zilibaki zikitazamana, ulimi kwa ulimi. Walijaribu asubuhi mbili. Waligeuza vipande, wakabadilisha mahali, wakatia vingine vingi zaidi. Haikufaa kitu.

Siku ya tatu yule mtoto wa kike aliyefunga duara aliketi chini, akagusa ncha moja moja kwa kidole huku midomo yake ikitembea kama mtu asomaye. Kisha akamwambia mama, "Mwalimu, ndimi ni nyingi. Midomo haitoshi." Naam, hivyo ndivyo ilivyo. Kipande cha kawaida huleta ulimi mmoja na mdomo mmoja, hata ukivitia mia havibadilishi hesabu. Kila njia panda ya namna ile huzidisha ulimi mmoja, na mbili huzidisha ndimi mbili. Hakuna ujanja wa kupanga utakaoiondoa ziada hiyo. Dawa yake ni vipande vya namna ya pili, vyenye midomo miwili na ulimi mmoja. Mama akapeleka habari kwa fundi, naye akacheka sana, akachonga viwili. Siku vilipoletwa njia zote zilifungwa bila kubaki ncha hata moja.

Mtu aweza kusema haya ni mambo ya mbao tu. La, hata reli za kweli zina taabu ya namna hiyo. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA iendayo Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya urefu wa kidole chako cha kati. Lakini kwa sababu ya milimita hizo behewa la kawaida la reli moja haliwezi kuendelea juu ya nyingine, hata ikabidi huko Kidatu, mkoani Morogoro, pajengwe mahali pa kuhamishia mizigo kutoka reli hii kwenda ile. Na reli mpya ya treni za umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Mtoto aliyekwisha kuona ndimi mbili zikikataa kuungana, siku akielezwa habari za Kidatu hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Jambo la nne ni daraja. Watoto walikuwa na daraja moja la mbao, nao wakaliinua juu ya vitabu. Njia ya kupandia waliifanya fupi sana, na treni ikaanguka kinyumenyume. Mmoja akasema treni imechoka. Mwingine akasema ina mzigo mwingi, wakaondoa behewa moja, ikapanda kidogo, ikaanguka tena. Hatimaye wakarefusha njia ya kupandia, wakaweka kitabu kimoja, mbele vitabu viwili, mbele vitatu, na treni ikapita. Jambo hili liliwasumbua hata wahandisi wenye ndevu. Wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa walipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, mwishoni mwa karne ya 19, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwa muda, mpaka ilipokwisha njia ndefu yenye mteremko wa pole. Reli ile ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Hivyo watoto wetu walikuwa wakisumbuka na swali la kweli, ila lao lilikuwa na kimo cha vitabu vitatu.

Kadhalika sumaku. Mabehewa yale ukiyaelekeza vibaya husukumana badala ya kushikana. Siku ya kwanza mtoto mmoja alisema yamegombana. Siku ya pili aliligeuza moja, yakashikana, akaligeuza tena ili ahakikishe, likakataa. Akafanya hivyo mara saba, nilihesabu. Hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba jambo likitokea mara moja yafaa lijaribiwe tena kabla ya kusadikiwa, jambo ambalo sisi tunalisoma katika maabara.

Nimesema habari za mbao na hesabu, lakini yako na mambo ya utu. Watoto watano wenye vichwa viwili vya treni ni ugomvi uliokwisha kuwa tayari. Juma la kwanza lilikuwa la vilio. Treni mbili zilikutana uso kwa uso katika njia moja, na kila mwenye treni akasema mwenzake arudi. Mama hakuamua, aliuliza tu, "Sasa treni hizi zitafikaje?" Wakakaa wakafikiri. Mwishowe walitumia vile vipande vya njia panda kutengeneza mahali pa kupishana, wakapaita Urambo. Sheria yao ilikuwa kwamba itokayo Kigoma ingoje Urambo mpaka itokayo Tabora ipite, na kesho yake wabadilishane. Babu yangu, aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, nilipomsomea habari hiyo jioni alisema, "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Reli ikiwa ni moja, asiyejua kungoja huua watu."

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye tangu aandikishwe alikuwa hasemi darasani. Nyumbani alisema, lakini mbele ya wenzake alikuwa kimya kabisa, na mama alikuwa na wasiwasi juu yake. Katika juma la pili aliwekwa kwenye zamu ya reli. Siku tatu alisukuma behewa pembeni peke yake. Siku ya nne mwenzake alitaka kupita njia aliyokuwamo, naye akainua mkono, akasema, "Ngoja. Yangu inaingia stesheni." Maneno manne tu. Mama aligeukia dirishani akajifanya anafungua pazia. Sisemi kuwa mbao zilimponya mtoto yule, maana hata sasa ni mtu wa maneno machache. Nasema tu ya kuwa alipokuwa na jambo la lazima la kumwambia mwenzake, alilisema.

Fikira ya kumfundisha mtoto kwa vitu vya kushika si ngeni. Mjerumani Friedrich Fröbel alianzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, akawapa mipira na vipande vya mbao vya kujengea kuwa masomo yao. Daktari Maria Montessori wa Italia alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akawapa vitu vya kupanga na kulinganisha. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni za kuchezea na reli zake katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na reli za mbao za namna ya hizi zetu zilianza kuuzwa na kampuni ya BRIO ya Sweden mwaka 1958. Uchunguzi wa siku zetu umeonyesha kuwa watoto wanaocheza mara nyingi na vitu vya kujengea aghalabu huelewa zaidi mambo ya maumbo na nafasi, ingawa si rahisi kupambanua ni kiasi gani kimetokana na mchezo na kiasi gani na malezi mengine. Hata mtaala wetu wa elimu ya awali wataka watoto wajifunze kwa michezo.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Reli za mbao hazimfundishi mtoto herufi. Hatajua "a" wala "be" kwa kusukuma behewa. Tena mtoto akiachwa na sanduku pasipo mtu wa kumtazama na kumwuliza swali moja la maana, aweza kushinda akigonganisha treni tu. Yule baba aliyelalamika alikuwa na haki katika jambo hilo.

Siku ya mkutano wazazi walikuja wengi. Mama hakuhutubia. Aliweka meza katikati, akamwaga vipande vya kawaida pamoja na zile njia panda mbili za kwanza, akasema, "Waheshimiwa wazazi, naomba mnifungie njia hii. Tumieni njia panda zote mbili, wala isibaki ncha hata moja." Wazazi wakacheka, kisha wakaanza. Dakika kumi zikapita. Kicheko kikaisha, wakaanza kubishana. Mmoja akavua koti. Yule baba mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele kuliko wote. Mama akamwita yule mtoto wa kike, aliyekuwa akicheza nje. Akaja, akatazama meza, akasema, "Haiwezi. Ndimi ni nyingi." Kisha akaenda sandukuni, akaleta zile njia panda nyingine mbili, akampa yule baba mkononi.

Baada ya hapo nilisoma daftari langu, na watu walisikiliza. Mwisho walipatana kuwa nusu saa ya reli iendelee, na kwamba kila Ijumaa mama awapelekee wazazi karatasi ya herufi na tarakimu walizojifunza watoto juma hilo. Yule baba alisema, "Nimekubali. Lakini mwezi wa kumi na mbili nitamwambia mwanangu aandike jina lake mbele yangu." Mama akamjibu, "Mwambie, nami nitakuwapo." Nadhani wote wawili walishinda siku ile, na aliyepata faida zaidi ni mtoto.

Sasa nawageukia wenzangu. Wengi wetu tuna wadogo zetu nyumbani, nasi tukirudi likizo huwafukuza kwa kuwa wanatusumbua tukisoma. Si lazima kununua kitu cha dukani. Mabaki ya mbao ya seremala, maboksi, au udongo wa mfinyanzi vyatosha kutengeneza njia ya reli. Muhimu ni vipande viwe vya kipimo kimoja, maana humo ndimo limo somo. Mbao zipigwe msasa zisichome mikono. Sumaku zisizofungwa imara zisitumike kabisa, kwa kuwa mtoto akimeza mbili zaweza kushikana tumboni na kumdhuru vibaya. Kitanzi cha kamba fupi chatosha kuunganisha mabehewa. Wala vitu vidogo vya kumezeka visiachwe karibu na watoto wachanga.

Tena mkiona mtoto ameshindwa kufunga njia yake, msimfungie. Hilo ndilo gumu kuliko yote, nami nililazimika kukalia mikono yangu mara nyingi katika majuma yale matatu. Samaki mkunje angali mbichi, wasema wazee, lakini hawakusema umkunje kwa haraka. Mpeni nafasi ahesabu ndimi na midomo yeye mwenyewe. Siku moja ataingia darasa hili letu, ataandikiwa mlinganyo ubaoni, na pengine hatauogopa kama tulivyouogopa sisi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu